Mapigo Arobaini na Sita

Jina la nchi hii sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba nchi yenyewe haipendi kutajwa na mtu asiye na kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Alhamisi, siku ambayo mwenye ufunguo huwa safarini. Inatosha ujue kwamba ni nchi nzuri, yenye milima, mito miwili na Mlezi mmoja, na kwamba mimi, Chambuso, nimeitumikia miaka kumi na tisa nikiwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika jambo ambalo wakubwa hawakulitaka, kwa hiyo unaweza kuniamini.

Zamani hatukuwa na shida ya saa. Mkutano ukiitishwa saa tatu asubuhi, na Mlezi wa Taifa akafika saa nane mchana, basi ilikuwa ni saa tatu asubuhi. Sheria ilisema wazi kwamba saa ya mkutano ni saa anayofika Mlezi. Wananchi tulikuwa tumezoea, ila jua tu ndilo lililokuwa na ukaidi wa kuzama kabla ya hotuba.

Kisha wakaja wageni wawili katika wiki moja, kila mmoja na sanduku lake. Wa kwanza alileta saa za mkononi zenye uso wa pembe nne, wa pili saa zenye uso wa mviringo. Majina ya kampuni zao yalimshinda hata Waziri wa Mambo ya Nje, kwa hiyo tukaziita Mraba na Duara, na wenyewe waliitika. Kila mmoja aliapa kwamba saa yake ni janja kuliko ya mwenzake: inapokea simu, inahesabu hatua, inakuambia ukalale. Mlezi aliposikia kwamba kuna kitu nchini kinawaambia wananchi wakalale na kitu hicho si serikali, aliagiza kichunguzwe mara moja.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kulinganisha Saa Janja. Ilikuwa na wajumbe kumi na wanane chini ya Profesa Daktari Injinia Ngwilizi, mtu aliyevipata vyeo vyake vyote vitatu kwa barua moja. Tulipewa ghorofa ya tisa ya Jumba la Maendeleo, jengo ambalo lifti yake imezinduliwa mara mbili na haijawahi kupanda.

Chai ya Kamati ililetwa na Mzee Sumari. Huyu alikuwa tarishi wa ghorofa yetu, mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na aliwahi kushika nafasi ya nne katika mashindano ambayo redio yetu ilitangaza kwamba tumeshinda. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, arudi milimani kwa mkewe Naserian na mizinga yake ya nyuki. Kila siku saa nne asubuhi alinimegea nusu ya muhogo wake wa kuchemsha. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, na mimi hata siku moja sikumpelekea muhogo.

*

Wiki tatu za kwanza tulijadili umbo.

"Mraba ni umbo la bahasha," alisema mjumbe mmoja, na wenzake wakanyamaza kwa heshima.

"Lakini duara ni umbo la sahani," akajibu mwingine, "na bahasha zote huishia kwenye sahani."

Hoja zikalingana, tukavunja kikao tukale.

Kulikuwa na agizo kwamba saa ikiwashwa, kwanza ionekane picha ya Mlezi. Kwenye uso wa Mraba picha ilienea yote, mpaka tai. Kwenye uso wa Duara ukingo ulikata masikio, la kulia na la kushoto. Hapo likazuka swali zito: je, Mlezi anaweza kuonekana mbele ya wananchi bila masikio? Tulituma timu ya utafiti sokoni. Wananchi mia nne walionyeshwa picha zote mbili, na mia tatu tisini na tisa walisema hawaoni tofauti. Wa mia nne, mama muuza nyanya, alisema hii isiyo na masikio ndiyo anayoifahamu. Alipoulizwa ana maana gani, alisema hana maana yoyote, akafunga genge mapema siku hiyo.

Baada ya umbo tukaingia kwenye uendeshaji. Saa ya Mraba ilikuwa na kidude kidogo pembeni, unakizungusha kwa ncha za vidole viwili, halafu unagusa kioo. Saa ya Duara haikuwa na kidude. Ilikuwa na pete nzima iliyouzunguka uso wake, unaishika na kuizungusha kama kifuniko cha chupa ya asali.

Profesa alijaribu kwanza ya Mraba. Kidole gumba chake kilifunika kioo chote. Akitaka kupokea simu, aliikata. Akitaka kufungua picha ya Mlezi, aliifuta, na hilo hatukuliandika. Niliandika badala yake: kioo ni kidogo mno kwa viongozi. Kisha ikaletwa pilau, na tukagundua kwamba kioo hakisomi kidole chenye mafuta.

"Mnaweza kunawa," alisema mtu wa Mraba.

"Tunanawa kabla, na tunanawa baada," Profesa alimjibu. "Maamuzi yote ya nchi hii hufanyika katikati."

Mtu wa Mraba alipauka.

Saa zote mbili ziliweza pia kuamrishwa kwa sauti. Profesa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaikaribia saa ya Duara. "Hujambo, saa? Habari za huko utokako? Pole na safari. Mimi ni Profesa Daktari Injinia Ngwilizi, Mwenyekiti wa Kamati, Mlezi Msaidizi wa Chama cha Bao, mshindi wa nishani ya..."

"Sijaelewa," ilisema saa. "Tafadhali rudia."

Alirudia tangu "hujambo". Kabla hajafika kwenye nishani ya tatu, saa ikaisha chaji.

"Haina malezi," alisema Mama Rukondo, mjumbe aliyewakilisha Maadili. "Wala hii nyingine. Zote mbili zinaamini siku huanza usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Nani aliyezilea?"

*

Ilibaki kuzijaribu mkononi. Hapo ikaonekana kwamba mikono ya wajumbe wote tayari ilikuwa na saa za dhahabu, na hakuna aliyekuwa radhi kuvua yake mbele ya wenzake.

"Mzee Sumari, hebu lete mkono," alisema Profesa.

"Upi, Profesa?"

"Yote."

Akavishwa Duara kulia na Mraba, ile iliyofutwa picha, kushoto, akaendelea kugawa vikombe.

Sasa lazima nieleze adabu yetu, msomaji wa mbali asije akashangaa. Kwetu, mtu akimpa mkubwa mkono, hutoa wa kulia, na kwa wa kushoto hujishika kwenye kifundo cha mkono ule ule wa kulia, akainama kidogo. Kumpa mkubwa mkono mmoja mtupu ni sawa na kumtupia mfupa. Tarishi hukutana na wakubwa arobaini kwa siku. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, Sumari alipompa Profesa mkono kwa adabu zote, kiganja chake cha kushoto kiliikumbatia saa ya Duara, pete ikazunguka, na saa ikapiga ukelele kwa sauti ya kike:

"Mvaaji wangu anaomba msaada! Mvaaji wangu yuko hatarini!"

Profesa aliruka nyuma, chai ikammwagikia. Mtu wa Duara akaja mbio kueleza. Ukiufunika uso wa saa kwa kiganja na kuizungusha pete nusu, alisema, saa inajua umepatwa na dharura, na inapiga simu kwenye namba uliyoiandikisha. "Huko kwetu," alisema, "hakuna mtu anayejishika mkono mwenyewe."

"Profesa," alisema Sumari, akifuta chai, "pete hii itapiga kelele kila tukisalimiana. Labda ivaliwe kushoto."

"Kushoto!" Mama Rukondo alisimama. "Picha ya Mlezi ikae kwenye mkono wa kushoto? Mkono ambao mtu..." Hakuweza kumaliza.

"Basi tuwe tunajishika kwenye kiwiko, mama. Juu kidogo tu. Adabu itabaki, na saa itanyamaza."

"Mzee," alisema Profesa, "adabu ya mababu haihamishwi hata inchi moja kwa ajili ya kampuni."

Niliandika: Kamati imezingatia. Maana yake ni kwamba tulikwenda kula. Jioni hiyo pia tulipitisha kwamba saa zote ziandikishwe namba moja tu ya dharura, namba ya Ikulu, kwa kuwa Mlezi ndiye kimbilio la wote.

*

Katika wiki ya sita Mama Rukondo aliuliza kile kimwanga cha kijani chini ya saa ni cha nini.

"Kinasoma mapigo ya moyo," walijibu watu wa Mraba na Duara kwa pamoja.

Nilikuwa nimehudhuria vikao elfu moja na ushee, na ilikuwa mara ya kwanza kuona wajumbe kumi na wanane wakifikiri.

"Moyo wa mtu yeyote?" aliuliza Profesa polepole.

"Yeyote aliyevaa."

"Hata kama amenyamaza?"

"Hata kama amelala."

Tangu hapo hakuna aliyetaja tena umbo. Barua ilipelekwa Ikulu asubuhi, na jibu likaja kabla ya adhuhuri, jambo ambalo halikutokea hata mwaka ule wa njaa. Waraka ulisema kwamba moyo wa kila mtumishi wa umma, asikiapo wimbo wa taifa au jina la Mlezi, utapanda hadi kufikia mapigo mia kwa dakika au zaidi. Hicho kiliitwa Kiwango cha Mapenzi. Atakayefikisha mia na ishirini ataitwa Mzalendo, na wa mia na hamsini ataitwa Mzalendo wa Mfano.

Kwa kuwa Sumari ndiye aliyekuwa amevaa, tulianza naye. Tulisimama, tukaimba. Mimi nilipewa kazi ya kusoma tarakimu kwa sauti.

"Duara, arobaini na sita," nilisoma. "Mraba, arobaini na sita."

Tukaimba ubeti wa pili, ule unaomtaja Mlezi mara saba. Arobaini na sita. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni hizo mbili kukubaliana jambo.

"Soma tena, Chambuso," alisema Profesa.

Nilisoma tena. Ningeweza kusema themanini na sita. Pale walipokuwa hakuna aliyeviona vioo, na tarakimu moja haina uzito. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kinachotakiwa, kwa hiyo nilisoma nilichokiona. Ndiyo mara pekee maishani mwangu nimefanya hivyo, na tazama.

"Mzee Sumari," alisema Profesa kwa huzuni kubwa, "humpendi Mlezi?"

"Nampenda kama wenzangu, Profesa."

"Moyo wako hausemi hivyo."

"Moyo wangu ndivyo ulivyo. Nilikimbia sana ujanani. Daktari aliniambia moyo wa mkimbiaji huenda polepole, hauna haraka."

"Mapenzi yasiyo na haraka," alisema Mama Rukondo, "ni mapenzi gani hayo?"

Kamati ilikuwa na huruma. Sumari alipewa siku kumi na nne za kuurekebisha moyo wake. Siku ya sherehe ya kuzindua saa angepelekwa ampe Mlezi mkono, na kama hapo pia moyo usingefika mia, angepelekwa Chuo cha Kuchangamsha Mioyo, nyuma ya milima. Chuo hicho hatukijui sana. Waliokwenda hawajarudi, na tunaambiwa sababu ni chakula kizuri.

*

Siku zile kumi na nne nilikuwa mwalimu wa moyo wa Sumari. Kwanza nilimpandisha ngazi mbio, ghorofa zote tisa. Alifika juu na kunikuta nimekaa kwenye kiti. Saa zilisoma tisini na mbili! Nilishangilia, nikachukua kalamu, nikaandika "tisini na..." na nilipoinua macho zilisoma hamsini. Kufikia nukta ilikuwa arobaini na sita.

Nikamnywesha kahawa vikombe vinne. Alikojoa tu. Nikapasua mfuko wa karatasi nyuma ya sikio lake. Akageuka akaniuliza kama nimeumia.

"Mfikirie Naserian," nilimwambia.

Alifumba macho, akatabasamu. Arobaini na nne.

"Inashuka, mzee!"

"Nikimfikiria yule hutulia."

"Basi fikiria nyuki wako wamekuvamia."

"Nyuki wangu hawanishambulii. Ukienda kwao bila papara wanakuacha upite."

Nilimkasirikia, nasema kweli. Niligonga meza mpaka vikombe vikaruka. "Mzee Sumari, ogopa basi! Hata kidogo! Kwani kuogopa kunakugharimu nini? Sisi wote tunaogopa, na tuko salama!"

Kisha akanishika mkono wa kulia, nami wakati huo nilikuwa nimeshagawiwa saa zangu za majaribio, akaugeuza ili aone kioo.

"Mia moja na kumi na mbili," alisoma. "Na hakuna wimbo unaoimbwa, Chambuso. Tumekaa tu wawili, mimi na wewe."

Akanimegea muhogo. Siku hiyo niliuacha mezani.

*

Kamati ilimaliza kazi yake. Kwa kuwa Mraba ilikuwa imewatembeza nje ya nchi wajumbe tisa, na Duara ikawatembeza tisa waliobaki, ulinganisho ulikwenda sare, na tukapendekeza zinunuliwe zote. Kila mtumishi wa umma avae Duara kulia kwa ajili ya mapenzi na Mraba kushoto, bila picha, kwa ajili ya kuifidia kampuni yake. Taarifa ilikuwa na kurasa mia sita, na picha ya Mlezi yenye masikio kwenye kila ukurasa.

Sherehe ilifanyika kwenye bustani ya Ikulu. Ilipangwa saa tatu, na ikawa saa tatu ilipotimia saa tisa. Watumishi mia tatu walipanga foleni, kila mmoja na saa zake mbili mikononi, na wananchi wamejaa nyuma ya kamba. Mafundi walikuwa wameiunganisha simu ya Ikulu na vipaza sauti, ili wananchi wasikie wenyewe tarakimu za mapenzi ya viongozi wao.

Wa kwanza alikuwa Waziri Mkuu. Akatoa mkono wa kulia, akajishika kifundo kwa wa kushoto, akainama. Vipaza sauti vikapasua hewa:

"Mvaaji wangu anaomba msaada! Mapigo mia moja hamsini na mbili! Mvaaji wangu yuko hatarini! Yuko Ikulu!"

Wananchi walidhani imo kwenye ratiba, wakapiga makofi. Akaja Spika. "Mvaaji wangu anaomba msaada! Mapigo mia moja sitini!" Akaja Jaji Mkuu, akaja Mkuu wa Majeshi na nishani zake zote, na kila mmoja, mara tu aliposhikana mkono na Mlezi, saa yake ilimwombea msaada. Profesa Ngwilizi alifika mia moja sabini na moja, na saa ikashauri alazwe. Mimi nilipata mia moja arobaini na tisa. Ilibaki moja tu niwe wa Mfano.

"Mnaona wanavyonipenda!" alisema Mlezi kwenye kipaza sauti.

Lakini kufikia mtu wa sitini makofi yalikuwa yamepungua. Watu nyuma ya kamba walianza kutazamana. Mwanamke mmoja alicheka kwa sauti, kisha cheko lile akaligeuza kikohozi, na majirani zake wote wakashikwa na kikohozi hicho hicho.

Ndipo ikafika zamu ya Sumari. Alitoa mkono wa kulia, akainama vizuri kuliko mawaziri wote, na kwa mkono wa kushoto akajishika kwenye kiwiko. Pete haikuguswa. Vipaza sauti vilinyamaza, na bustani nzima ikausikia ule ukimya. Nilikuwa nimerudi kumsindikiza, hatua mbili nyuma yake na faili langu, nikaona kioo chake. Arobaini na sita.

Niliona pia kioo kingine. Mlezi naye alikuwa amevaa Duara, aliyotengenezewa maalumu ili masikio yaenee, na alipotoa mkono pindo la mkono wa shati lilikuwa limepanda. Chini ya picha yake mwenyewe iliandikwa: mia moja thelathini na nane.

Sumari aliiona. Hakuuachia ule mkono.

"Pole, mzee wangu," alisema, kwa sauti ile ile anayoitumia kunipa muhogo. "Umesimama muda mrefu, na moyo unakukimbia. Hebu keti kwanza. Vuta pumzi. Itoe polepole. Haya, tena."

Na Mlezi wa Taifa aliketi. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu ratiba haikuwa na mstari wa kuketi. Sumari alichuchumaa mbele yake, amemshika mkono, wanapumua pamoja. Mia na thelathini. Mia na kumi. Tisini na nane. Tisini. Uso wa Mlezi ulilegea, akawa kama baba yeyote aliyerudi nyumbani na kuvua viatu.

"Haujawahi kushuka hivi," alisema kwa sauti ndogo, "tangu siku niliyoapishwa."

"Ulikuwa umechoka tu, mzee wangu."

Kisha Mlezi akainua macho, akatuona sote tukimtazama. Tarakimu ikaruka, na akalivuta pindo la mkono wa shati likafunika saa.

*

Kamati ilikaa kwa dharura nyuma ya pazia la jukwaa. Hoja ya Profesa haikuwa na tundu hata moja. Kwa mujibu wa Kiwango cha Mapenzi, mapigo mia moja thelathini na nane ya Mlezi yalikuwa ni mapenzi yake kwa taifa. Tarishi, bila kibali, mbele ya mashahidi, aliyapunguza mapenzi hayo kwa mapigo arobaini na nane, yakaenda chini ya mia. Kosa likapewa jina: kuhujumu mapenzi ya Mlezi kwa wananchi wake. Mama Rukondo alilia.

"Chambuso," alisema Profesa, "andika."

Niliandika. Safari hii niliambiwa kinachotakiwa, na kalamu haikukwama popote.

Walipomleta Sumari kupita mbele yetu, alisimama kwenye meza yangu. Sikuinua uso.

"Usijali, mdogo wangu," alisema. "Ndiyo kazi yako. Muhogo wako uko kwenye droo yangu."

Askari wawili wakamchukua. Alitembea kwa zile hatua zake ndefu, na wao ikabidi wakimbie kidogokidogo ili waonekane wanampeleka.

*

Mambo sasa yanakwenda vizuri. Ghorofa ya tisa tumewekewa ubao mkubwa wa umeme unaoonyesha moyo wa kila mtumishi, na kila asubuhi nanakili tarakimu zote. Mstari wa Sumari uliendelea kutujia kutoka Chuoni: arobaini na sita, arobaini na sita, wiki tano mfululizo. Walimu wa kule waliandika kwamba mwanafunzi ni mgumu.

Naserian alishuka kutoka milimani kumuulizia. Nilimwambia yuko mafunzoni. Alipokataa kuondoka nilimwonyesha ubao, nikaweka kidole kwenye mstari. Alisimama pale akiitazama ile tarakimu ikiwaka na kuzima, midomo ikitikisika kana kwamba anahesabu. Kisha akasema, "Ni yeye." Akaniachia chupa ya asali na akashuka ngazi za ghorofa zote tisa kwa miguu.

Jumanne mstari ule ulikuwa mtupu. Nilikwenda kwa Profesa.

"Chaji," alisema, bila kuinua kichwa.

"Chuoni hawana umeme, Profesa?"

"Ndiyo maana nakwambia chaji."

Leo ni Jumapili, na bado ni chaji. Tangu Jumanne moyo wangu mwenyewe haujashuka chini ya mia na arobaini, hata nikiwa nimelala, na jana ulifika mia moja sitini na moja. Nimevuka kiwango kwa mapigo kumi na moja. Ijumaa nitavishwa nishani ya Mzalendo wa Mfano, na Mlezi mwenyewe atanipa mkono.

Nimeambiwa nifanye mazoezi ya kumsalimu. Adabu ya mababu haijaguswa: kulia kunatoa, kushoto kunashika kifundo. Saa pia haikubadilishwa, kwa sababu mkataba hauruhusu. Kilichobadilishwa ni simu ya dharura tu, ambayo imekatwa kwa wavaaji wote baada ya kuonekana inaleta hofu. Pete yenyewe bado inazunguka. Leo asubuhi nimeizungusha mara tatu, nimesimama peke yangu mbele ya ubao, na inazunguka laini kabisa kama kifuniko cha chupa ya asali. Hakuna anayepokea.